Flora wa Kwenye Kanda

Siku ya kliniki nesi Anastazia aliwasha jenereta nyuma ya zahanati ya Issuna, akaingiza kanda kwenye deki. Video zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kufika vijijini, na wajawazito walibanana kwenye mabenchi. Flora alikaa mbele, akajitazama kwenye televisheni.

Mwaka uliotangulia watu wa mradi wa afya walimchagua aigize kwenye video, kwa sauti yake nzuri. Wakamfunga mto tumboni, wakampa na maneno: "Mume wangu, nimeamua. Nitajifungulia hospitali." Mwalimu aliyeigiza mumewe aliitikia kwa kichwa.

Sasa tumbo lilikuwa la kweli. Mtoto wake wa kwanza alifia njiani akizaliwa, kwa kuwa nyonga za Flora ni nyembamba, na nesi alishamwonya: huyu azaliwe Singida mjini, kwa upasuaji. Alute, mumewe, alisema mwenye kauli ni mama yake. Mama mkwe akasema: hapa hapa nyumbani.

Siku hiyo Flora wa kwenye kanda alisema maneno yake, lakini hakumngoja mwalimu aitikie. Alichukua kikapu, akashuka kutoka kwenye televisheni, akawaambia wakubwa shikamooni, akatoka kwenda barabarani kusimamisha lori.

"Leo inaishia hapo," alisema nesi, akazima jenereta.

Jioni uchungu ulimshika Flora jikoni.

"Baba, nipelekeni," alimwambia Alute.

Mama mkwe hakuinua macho kwenye ungo wa uwele. "Si umeshakwenda? Watu wamekuona ukipanda lori."

"Yule ni wa kwenye kanda, mama."

"Ni Flora. Nyumba moja haipeleki Flora wawili."

Alute aliitazama baiskeli, akamtazama mama yake, akaenda kufunga ndama.

Flora alisukuma usiku kucha. Alipoomba tena kupelekwa, mama mkwe alimfuta jasho, akamwambia anyamaze, atamaliza nguvu. Kulipokucha mtoto alitoka, hakulia. Walimzika nyuma ya zizi kabla ya jua kukolea.

Wiki iliyofuata yule mwingine alirudi, ameshikilia mshono, rangi yake imefifia kidogo kama picha ya video. Mgongoni alikuwa na mtoto wa kiume aliyelia kwa nguvu. Mama mkwe alimpokea, akaikagua pua, akasema ni ya kwao. Kuku akachinjwa.

Ila matiti ya yule wa kwenye kanda hayakuwa na kitu. Ya Flora yalikuwa yamejaa mpaka yanauma. Mama mkwe akamwekea mtoto mapajani.

"Nyonyesha. Wako huyu."

Mtoto alishika titi mara moja. Flora alimwinamia, machozi yakamdondokea mtoto utosini.

"Uliwaambiaje, hata wakakukubalia?" alimuuliza mwenzake.

"Niliyasema yale yale."

"Hata mimi niliyasema."

Watu wa mradi walipofika walifurahi sana, wakawapiga picha wote. Walipouliza kama video imesaidia, Alute alijibu kuwa imesaidia. Kisha mama mkwe alisimama mlangoni, akatangaza jina la mtoto. Hakumuuliza Flora, wala yule mwenzake.