Kamera Iliyokuwa na Bima

Kamera ya kwanza ya Jairus Otiende ilivunjwa na askari wa shamba la chai mwaka wa tisini na tatu, kwa kisigino cha buti, mbele ya ofisi ya meneja. Otiende hakusahau. Alikuwa mtu wa kuweka vitu kichwani: siku, saa, jina la askari, hata rangi ya kamba za ile buti. Wachuma majani wenzake walimtania kwamba kichwa chake ni kabati la faili, na kwamba meneja angelijua angelitia kufuli.

Alikuja Kericho kutoka upande wa ziwa akiwa kijana. Shule aliyoiacha darasa la sita aliimalizia kwenye magazeti yaliyofungiwa nyama, na humo ndimo alijifunza sheria ya kazi. Jumapili alipiga picha. Alikuwa na koti moja la buluu na tai moja, na kila mtu wa kambi ya wafanyakazi aliyetaka picha ya kutuma nyumbani alivaa hilo hilo. Siku hizo ungeingia nyumba nyingi kule ziwani na kumkuta jamaa ukutani, nyuma yake michai, mwilini lile koti. Mwembamba limemmeza, mnene limekataa kufunga vifungo. Walikuwa hawacheki kwenye picha wakati ule. Walisimama wima kama watu wanaoapa. Wengi wao hawapo tena.

Kamera ya pili, Yashica, aliuziwa na mwalimu aliyekuwa akihamia Londiani. Haikuwa na risiti. Siku aliyoivaa shingoni mara ya kwanza, mkewe Celine alimwangalia akasema, "Baba Eucabeth, hii nayo ikivunjwa, usinililie."

Ndiyo maana akaenda kutafuta bima.

Bima enzi hizo ilikuwa ya magari na viwanda. Mtu wa kambi kuulizia bima ilikuwa kama ng'ombe kuulizia bei ya maziwa. Ofisi ya kwanza pale Kericho, karani alitaka kujua ametumwa na meneja gani. Ofisi ya pili walitaka risiti, na hati ya nyumba inamolala hiyo kamera. Hati ya nyumba! Nyumba ya kambi ni ya kampuni. Ukifutwa asubuhi, jioni kitanda chako kiko barabarani kinanyeshewa. Otiende aliwaeleza hayo kwa sauti iliyofanya watu wa ofisi ya jirani wachungulie, kisha akatoka bila kuaga.

Aliipata Sotik, kwa ajenti mmoja mzee aliyeitwa Osoro, mwenye chumba juu ya duka la dawa za ng'ombe. Osoro alikubali barua ya mchungaji badala ya risiti. Akanakili namba iliyo chini ya kamera, akaipuliza vumbi, akauliza itatumika wapi. Otiende akataja harusi, ubatizo, na mikutano ya wafanyakazi. Osoro akacheka, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: hasara yoyote itakayotokea katika mgomo au ghasia haitalipwa.

"Hapo sasa, mtu wa ziwa, hapo sisi hatuko," alisema.

Otiende aliusoma mstari huo mara tatu, akatia sahihi. Nyumbani akaifunga ile karatasi ndani ya nailoni na kuiweka chini ya godoro. Akawa analala juu yake kama mtu aliyenunua shamba.

Mwaka wa tisini na sita mzani wa kambi yao ulianza kula. Karani wa mzani alikuwa akikata kilo, eti za maji yaliyo kwenye majani, hata wakati wa kiangazi, majani yakiwa makavu mpaka yanalia mkononi. Na hata kabla hajakata, mshale wenyewe ulikuwa unapungukiwa. Aliyegundua ni Chepchumba, mama wa Kapkatet asiyekuwa na maneno mengi, ambaye mikono yake ilijua uzito wa kikapu kuliko mzani wowote. Otiende akazunguka mferejini, jikoni na kanisani akiwaambia watu waketi chini Jumatatu, kila mtu, bila fujo. Mgomo ule ni yeye aliyeupika.

Jumapili jioni alisafisha kioo cha kamera na kutia filamu mpya. Kisha akaitoa karatasi chini ya godoro, akausoma ule mstari tena. Mgomo. Na kesho ni mgomo. Celine alimwona akiirudisha Yashica sandukuni, akifunga, akitia ufunguo mfukoni.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa bado haujainuka. Watu mia nne walipindua vikapu vyao kando ya barabara na kuvikalia, Wakipsigis na Wakisii na watu wa ziwa wamechanganyika, miaka michache tu baada ya wakubwa kuwahubiria kwamba hawawezi kukaa pamoja. Chepchumba akasimama. Akatoa chini ya kikapu chake paketi ya sukari ya kilo mbili, haijafunguliwa, akaitundika kwenye mzani. Mshale ukaenda, ukatetemeka, ukasimama kwenye kilo moja na nusu.

"Karani," aliuliza kwa upole, "sukari hii nayo iko na maji?"

Kicheko kile kilisikika mpaka kiwandani. Mikono ya Otiende ilipanda kifuani yenyewe, ndani ya koti la mvua, ikakuta vifungo vya shati.

Kabla ya saa sita mzani ulikuwa umeondolewa na mwingine mpya kuletwa. Wiki mbili baadaye, mbele ya afisa wa kazi, watu wa kampuni waliapa kwamba hapajawahi kuwa na mzani mbovu. Chepchumba na wengine saba walifutwa kazi. Watu walimgeukia Otiende, wakitaka picha. Walidhani siku ile kamera ilikuwa ndani ya koti lake la mvua, alivyozoea kuificha tangu ile ya kwanza ivunjwe. Naye akawadanganya. Alisema filamu iliingia mwanga.

Alikwenda Sotik kumfokea Osoro. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Na nani alikukataza kuibeba? Sisi tulisema hatutalipa. Hatukusema usiende."

Otiende alishuka ngazi akijihesabia. Miaka kumi na minne kambini: usifuge kuku, usipite hapa, usikate kuni, kila karatasi yenye muhuri ni amri na kila amri ina adhabu. Alikuwa amemfokea meneja uso kwa uso, na kumbe kambi ilikuwa imeshamfundisha kusoma hivyo. Hakuwahi kujikasirikia hivyo, na hasira ile haikuisha.

Mwaka wa tisini na tisa alimkuta Chepchumba sokoni Kapkatet, akiuza maziwa, sasa ana michai yake mwenyewe kwenye kipande cha ardhi cha baba yake. Wakasalimiana, wakaulizana habari za watoto. Kisha Chepchumba akamwuliza kama ile filamu iliyoharibika haikubaki hata kipande, hata kivuli tu, awaonyeshe wajukuu.

Otiende akamwambia ukweli wote, palepale kati ya mikebe ya maziwa. Yashica ilikuwa nyumbani, haina hata mkwaruzo.

Chepchumba alichukua kikombe chake cha kupimia. Alimpimia mteja mmoja, akampimia wa pili.

"Haya," alisema. "Wewe si ndiye kichwa cha faili? Nieleze basi."

Akamweleza. Ukungu, vikapu, nani aliketi karibu na nani, mwenzao Nyang'au na mguu wake mbovu amepewa kikapu kizuri, karani akimeza mate, mshale, na yeye Chepchumba, mkono juu, kitambaa cha kijani kichwani.

"Cha manjano," Chepchumba alisema.

"Kijani. Nakiona mpaka leo."

"Otiende, kichwa kilikuwa changu."

Walitazamana. Kila mmoja alikuwa na hakika yake, na hapakuwa na mahali pa kwenda kuangalia.