Chumba cha Stovu

Mwatima binti Shaame alikuwa mtu wa Pemba, aliyeolewa Tongoni na fundi seremala aitwaye Sadalla. Walikaa katika nyumba ya udongo, na uani palikuwa na banda la jiko ambalo masika yakiingia lilivuja kila upande. Kuni zikilowa, moshi ulijaa humo hata mpishi asione chungu kilicho mbele yake. Mwatima alipika hivyo hivyo, machozi yakimchuruzika, akitoka nje kuvuta pumzi kisha akirudi kupalia wali.

Mwaka ule bei ya mkonge ilipoanguka, mlowezi mmoja wa Maramba alifunga virago akarudi kwao, na Sadalla akaitwa kwenda kutengeneza milango ya nyumba yake. Aliporudi hakuzungumzia milango. Alizungumzia stovu ya kuni aliyoiona jikoni mle, chuma kitupu, yenye dohani iliyotoboa ukuta na kuupeleka moshi wote nje. Alisema mtu angeweza kupikia mle pilau ya harusi huku amevaa kanzu nyeupe, na akatoka na kanzu yake nyeupe vile vile. Ernesti, mlinzi wa nyumba, alikuwa amemwambia kwamba mpangaji mpya halitaki lichuma lile, na atakayeweza kulibeba ni lake.

Basi tangu siku ile mke na mume wakaanza kujenga. Wakishaswali alasiri, Sadalla huokota kijiti akachora chumba mchangani, ubavuni mwa nyumba: hapa mlango, hapa stovu, hapa mahali pa kuni. Mwatima huufuta mlango kwa kisigino akauhamisha, upepo wa kusi usije ukampulizia majivu machoni. Siku moja walibishana juu ya rafu ya vyombo mpaka wakanuniana, na Sadalla akaenda msikitini bila kuaga. Aliporudi akaikubali rafu, wakacheka wote wawili. Mungu hakuwa amewajaalia mtoto, na nyumba yao ilikuwa kimya mno. Lakini saa zile za kuchora Mwatima aliiona kama nyumba iliyojaa watu.

Kisha chumba kikaanza kurefuka. Sadalla aliuvuta ukuta wa nyuma hatua kadhaa, na mkewe alipouliza sehemu ile ni ya nini, akajibu kuwa ni ya kitanda. Kitanda cha nani? Sadalla akakuna ndevu, akasema mtu hakosi mgeni.

Jibu lile halikumkaa Mwatima moyoni. Kesho yake kisimani akamweleza jirani yake Chiku, akijifanya ni mzaha. Chiku hakucheka. Alisema yeye, tangu azaliwe, hajapata kuona mwanamume anayeongeza chumba asiongeze mtu.

Toka hapo kila Sadalla alipookota kijiti, Mwatima alikuwa na nguo za kufua, au nazi za kukuna. Sadalla alichora peke yake, akaacha katikati. Usiku Mwatima alimhesabia mumewe mabinti wote wa Tongoni ambao huenda amewaona, na kila mmoja alikuwa na kitanda chake karibu na stovu. Mwishowe akachoka. Alasiri moja akaja akasimama juu ya michoro.

"Sadalla," alimwita kwa jina, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. "Kama unaoa, niambie mie mwenyewe. Usinichoree."

Sadalla akakiweka kijiti chini. "Ni mama," alisema. "Macho ya mama yanakwisha."

Mama yake, Bi Mboni, alikaa Pongwe kwa binti yake Mwanamkasi. Ndiye aliyeikataa ndoa ile, akisema hawezi kuwa na wakwe wa ng'ambo asiowajua mbele wala nyuma. Siku ya harusi hakuja, na hadi leo hakuwa amewahi kuonana na mkaza mwanawe. Sadalla alikuwa akienda kumwamkia peke yake. Sasa tabibu alikuwa ameonya asikae penye moshi, lakini nyumba ya Mwanamkasi ilijaa watoto, na bibi mzima alilala ujiani, karibu na mafiga. Sadalla hakuwa na uso wa kumwomba mkewe ampokee mtu aliyemkataa. Ndiyo maana akaanzia kwenye stovu.

Hofu ya uke wenza ikamtoka Mwatima, lakini nafasi yake ikashikwa na uchungu mwingine. Alasiri zote zile alidhani wanajenga jiko lake.

"Kumbe chumba kina mwenyewe," alisema. "Mie nilikuwa naazimwa."



Ijumaa iliyofuata Mwatima alivaa buibui lake akapanda lori la nazi hadi Pongwe. Kwa mumewe aliaga kuwa anakwenda kusalimia tu. Njiani aliyapanga maneno, na mengi yalikuwa machungu. Alimkuta Bi Mboni ujiani na ungo mapajani, akichagua mchele kwa kupapasa. Akampa shikamoo.

"Marahaba," alisema Bi Mboni, na vidole vyake vikasimama. "Sauti ya Kipemba hiyo. Umekuja kunicheka au kunichukua?"

"Sijui bado, mama," alijibu Mwatima, na hiyo ndiyo ilikuwa kweli yake.

Bibi akausogeza ungo kati yao, wakachagua pamoja. Mwatima aliona vijiwe vinavyompita mwenzake, akaviokota kimyakimya asimwambie. Maneno aliyoyapanga hakuyapata tena. Bi Mboni akasema, kama anayezungumza na mchele, kwamba alimkataa kabla hajamwona, na sasa hata akitaka kumwona hawezi. Hakuomba radhi zaidi ya hapo. Mwatima naye akamsimulia chumba: mlango, dohani, na ugomvi wa rafu. Bi Mboni alisikiliza mpaka mwisho, akauliza chuma hicho kitafika lini. Mwatima akasema hajui.

"Basi mimi sikingoji," alisema bibi. "Nifungie nguo zangu."

Sadalla aliporudi kutoka kazini jioni ile alimkuta mama yake amekaa barazani kwake. Alimwamkia, kisha akainama kupanga randa na misumeno yake iliyokwisha pangwa, akakawia hapo hata Mwatima akaingia ndani amwache.

Stovu haikufika. Sadalla alipoifuata Maramba alikuta kuku wa Ernesti anaatamia ndani yake, na mke wa Ernesti akakataa katakata asiondolewe mpaka atotoe. Vifaranga vilipotoka, mke wa mpangaji mpya alikuwa amewasili, na yeye stovu aliitaka. Sadalla akarudi mikono mitupu. Akainua paa la banda, akakata dirisha pana upande wa juu, na moshi ukapungua, ingawa haukwisha. Bi Mboni huwekewa kigoda nje, upande unaotoka upepo, na kutoka hapo huulaumu mchuzi wa Kipemba kuwa una ndimu nyingi. Mwatima humjibu kwamba asiyeupenda ana hiari yake. Bibi hula akamaliza.

Na alasiri huendelea kujenga. Michoro ya mchangani haikumfaa Bi Mboni, kwa hiyo Sadalla alizipanga kuta kwa makumbi ya nazi, mama yake apate kuzipapasa kwa miguu. Siku ya kwanza alikizunguka chumba chote, Mwatima amemshika mkono, akifika kila pembe na kuuliza kuna nini. Mahali pa kitanda akakanyaga kumbi, likabiringika.

"Umepita ukutani, mama," alisema Mwatima.

Bi Mboni akajibu kuwa basi ukuta umekosea mahali, akamwamuru mwanawe ausogeze. Sadalla akainama akausogeza.