Ndovu wa Namba Kumi na Nne

Madam Chepkosgei aliniambia Ijumaa jioni, nikiwa bado na sabuni mikononi.

"Safari moja tu, Nyabate. Omariba amepata kazi Naivasha na mimi sina mtu wa kuongoza wageni. Wewe unakijua kile kilima. Wakishuka wamefurahi, kazi ni yako. Wakinung'unika, Jumatatu namchukua Vinny. Yeye ana cheti."

Mimi sina cheti. Shule niliachia darasa la sita, mama alipoumia mgongo na wadogo zangu wakahitaji mtu wa kuwaangalia. Nilipofika umri wa kuandikwa kazi, nikachuna majani chai miaka mitano kwenye mashamba ya juu ya kilima cha Chemoiben. Halafu mashine za kuchuna zikaletwa na sisi wa mwisho kuandikwa tukawa wa kwanza kuambiwa tukae nyumbani. Sasa nilikuwa naosha magari ya Madam mjini Kericho. Nilitaka ile kazi ya Omariba mpaka usingizi ukakataa kuja.

Shida yangu ni moja. Nikitazamwa, maneno yananitoka kichwani.

Jumamosi tuliondoka mapema, umande haujakauka. Gari ni jeep ya zamani ya kijani, haina paa. Kipkurui alikuwa kwenye usukani, Madam kando yake. Nyuma walikaa wageni watatu kutoka Kisumu: Bwana Opondo, mkewe Molly, na mama yake Opondo, Mama Syprose, aliyevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa linawaka. Mimi nilisimama katikati nimeshika chuma, nikiwaelekea wageni, kama Omariba alivyokuwa akifanya. Tofauti ni kwamba Omariba alikuwa akiongea.

"Karibuni," nilisema tulipoacha lami. Baada ya hapo, kimya.

Tulipofika geti la shamba la majani chai, Madam aligeuka akawaambia wageni, "Tazameni, pigeni picha mpaka simu zijae. Lakini msiguse jani. Tunapita hapa kwa ruhusa ya meneja. Jani moja likionekana ndani ya gari langu, hili geti sitalipita tena."

"Hata moja la ukumbusho?" aliuliza Molly.

"Hata nusu."

Kituo cha kwanza kilikuwa lile bomba la moshi la mawe. Nyumba yenyewe ilianguka zamani, bomba limebaki limesimama peke yake na mbega wawili walikuwa wamekaa juu yake, mikia myeupe inaning'inia kama taulo. Molly alipiga kelele ya furaha. Kipkurui akazima injini. Wote watano wakanitazama.

"Hii," nilisema, "ni nyumba."

"Ilikuwa," alisema Opondo. "Ya nani?"

"Ya mzungu."

"Aliitwa nani?"

Nilijua. Wafanyakazi walimwita Bwana Koti, na nilijua kwa nini, na nilijua kwa nini nyumba yake ilianguka. Babu yangu alinihadithia mara mia. Lakini macho yalikuwa kumi.

"Sijui," nikasema.

Opondo alicheka. "Dada, hata simu yangu ikiwa haina moto ingeongea kukushinda."

"Wacha mtoto wa watu," alisema Molly.

"Simtukani. Nauliza tu kama sauti inalipiwa kando."

"Huyu ni injini ya dizeli, bwana," Kipkurui akaingilia. "Asubuhi na baridi, lazima ishike moto polepole."

Mama Syprose alipunga mkono kuelekea lile bomba. "Mimi nyumba nimeacha nyingi Ahero. Nataka ndovu. Marehemu mume wangu alifanya kazi kiwandani huku miaka ishirini. Kila likizo akija nyumbani, ni ndovu hivi, ndovu vile, ndovu amesimama kwenye majani chai kama ng'ombe. Nikamwambia, wewe unafanya nini huko mpaka unatafuta uongo mkubwa hivi wa kufunikia? Tukabishana mpaka akafa. Leo nataka kujua nani alikuwa mwongo."

"Mama, ndovu wako msituni," alisema Opondo. "Wafanye nini kwenye chai? Wanakunywa?"

Madam hakucheka. Aliinama kuelekea kwangu, akasema kwa sauti ndogo, "Vimebaki vituo viwili. Ongea."

Tukapanda. Barabara ilizidi kuwa nyembamba, majani chai pande zote yakikwaruza milango. Upande wa juu msitu ulikuwa umeanza, mweusi na wenye ukungu. Mashamba ya huku yako kwenye mteremko mkali, mashine haziwezi, kwa hiyo bado yanachunwa kwa mkono. Nilivipita vibao vya mashamba nilivyovijua: Namba Kumi na Mbili, Namba Kumi na Tatu. Nilikuwa nimekata tamaa. Nikageuka nikatazama mbele, nisiwaone wageni.

Ndipo nikaona Namba Kumi na Nne haina watu.

Majani yalikuwa yamefika siku yake ya kuchunwa, yameinuka laini, yanang'aa. Vikapu vilikuwa vimeachwa kati ya mistari, vingine nusu. Na kwenye mwisho wa mstari wa tano kulikuwa na ufito umesimamishwa wima, umefungwa epuroni ya plastiki juu yake.

Ufito wa mchunaji hausimami. Unaulaza juu ya michai ili ujue pa kuchuna na pa kuacha, unakwenda nao hivyo siku nzima. Ukiona umechomekwa ardhini na epuroni imefungwa kichwani, ni wachunaji wamewaachia wenzao habari: ndovu wameingia, sisi tumeondoka, usipite. Hatupigi mayowe, kwa sababu mayowe yanamleta ndovu aje aone ni nani. Nyapara hafundishi jambo hilo, na halimo kwenye cheti cha mtu yeyote. Kipkurui, ambaye anaijua kila nati ya gari lile, aliutazama ule ufito na kubadilisha gia ili apite.

"Simama!"

Sauti ilikuwa yangu. Kipkurui alikanyaga breki mpaka Opondo akagonga goti.

"Zima injini. Rudi nyuma kidogo kwanza, hapo, kwenye mteremko. Sasa zima."

"Kumbe ipo!" alisema Opondo. "Sauti ipo!"

"Nyamaza, bwana," nikamwambia. Mimi, nikamwambia mwanaume mwenye tai anyamaze.

Tukangoja. Ndege walikuwa wamenyamaza pia. Halafu ukingoni mwa msitu mti mmoja ulitikisika, na upepo haukuwepo. Ukatikisika mwingine. Kisha kikatoka kichwa, kikubwa, chenye udongo mwekundu, na sikio moja limechanika kama jani la mgomba.

Molly alijifunika mdomo kwa mikono miwili.

Wakatoka mmoja mmoja. Watatu, watano, saba. Waliteremka katikati ya michai bila haraka, majani yakiwafika tumboni, kwa njia yao wenyewe waliyoizoea, na walipofika barabarani walikuwa hatua thelathini tu kutoka kwa taa za gari letu. Ardhi haikutikisika kama watu wanavyosema. Hawakutoa sauti hata kidogo. Nilikuwa na furaha ya ajabu, ya kutaka kucheka kwa nguvu.

Nilikuwa nimechuchumaa kwenye ngazi ya mlango, kichwa chini, ili ndovu wasione mtu amesimama. Mchai wa kwanza ulikuwa ukinigusa magotini. Nikaanza kuongea.

"Mwenye sikio lililochanika ni mama yao mkubwa. Tunamwita Nyapara, kwa sababu akifika kila mtu anaondoka. Yule mdogo alizaliwa mvua za mwaka jana. Hawali majani chai, wanayaona machungu. Wanapita tu. Hii ilikuwa njia yao kabla ya chai kupandwa, na chai ilipopandwa hawakuambiwa."

"Endelea," alinong'ona Molly.

"Kabla ya chai, kilima hiki kilikuwa cha watu wa Kipsigis, walilisha ng'ombe hapa. Kule juu kuna pango lenye udongo wa chumvi. Ng'ombe waliulamba mchana, ndovu wakaulamba usiku, hawakugombana. Halafu watu wakaondolewa, wakapelekwa mbali na ng'ombe wao, na Bwana Koti akajenga nyumba. Aliitwa hivyo kwa kuwa alivaa koti hata jua la saa saba. Babu yangu alikuja kwa miguu kutoka Kisii akamfanyia kazi. Bwana Koti alijenga katikati ya njia. Wazee walimwambia, akasema ndovu watazunguka. Ndovu hawakuzunguka. Kila walipopita waliona ukuta mzuri wa kujikuna. Wakajikuna miaka minne. Siku ukuta wa jikoni ulipoanguka, mpishi alikuwa ameshika sufuria ya uji, na ndovu akaweka mkonga ndani kama mtu aliyealikwa."

Opondo alicheka puani, akajizuia.

Wakati huo yule mdogo aliteleza kwenye mtaro wa barabara, akalia. Mama mkubwa akageuka kutuelekea. Alifungua masikio yote mawili, akainua kichwa, akapiga hatua tatu za haraka. Vumbi likaruka. Nikasikia Opondo akiomba Mungu kwa Kijaluo.

"Msisimame," nikasema, sauti ileile ya chini. "Masikio yako wazi, anatutisha tu. Kipkurui, usiwashe. Mngojeni mtoto atoke. Huyo, miguu ya mbele. Huyo, ametoka."

Mama mkubwa alitutazama kwa muda ambao sitaweza kuueleza. Kisha akashusha masikio, akamsukuma mdogo kwa mkonga, na wote wakaingia upande wa chini, kwenye miti ya mtoni.

Mama Syprose alikuwa analia na kucheka. "Kama ng'ombe," alisema. "Kwenye majani chai, kama ng'ombe. Nisamehe, mzee. Nisamehe, ulisema kweli."

Nilitaka kuinuka. Hapo ndipo nilipoona mapaja yangu. Yalikuwa yamejaa majani chai mabichi, rundo zima.

Sisi wachunaji tunaongea hivyo. Kila mtu yuko kwenye mstari wake, uso kwenye majani, mikono inakwenda, na mdomo unasema chochote, ndoa, kifo, mashemeji, kwa sababu hakuna anayekutazama. Mikono yangu ilikuwa imefanya kazi yake bila kuniuliza.

"Nyabate," alisema Madam. Alikuwa ameyaona. "Hiyo ni nini?"

Maneno yakaondoka yote.

"Nimesema nini getini? Wageni wamejizuia, wewe ndiye unajaza gari?"

Kabla sijajua la kufanya, kicheko kilitoka kati ya mistari. Wachunaji walikuwa wanarudi kutoka bandani walikojificha, na mbele alikuwa Jerusa, tuliyechuna naye mistari jirani miaka yote mitano. Aling'oa ufito wake, akafungua epuroni, akaivaa.

"Ee, omoiseke, msichana wetu! Siku hizi unachuna na dereva? Na sisi tunaokwenda kwa miguu tuseme nini?"

"Jerusa, nimekosea," nikasema.

Aliinama akachambua lile rundo kwa vidole viwili. "Majani mawili na kichipukizi. Majani mawili na kichipukizi. Hakuna hata kikonyo kigumu. Madam, unamweka huyu aoshe magurudumu?" Akakusanya yote, akayatia kikapuni kwake. "Ni ya shamba, yamebaki shambani. Mimi sijaona kitu. Nendeni kabla nyapara hajaja. Yule wa miguu miwili."

Kipkurui aliwasha gari akicheka peke yake. Madam alitazama mbele.

"Dada," Opondo akaniambia tulipoanza kupanda, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Bwana Koti. Baada ya uji kuliwa, alifanya nini?"

Nikainua uso. Macho yake, ya Molly, ya Mama Syprose, yote kwangu, yakingoja. Nikafungua mdomo, na palikuwa patupu. Nikawaza kituo cha mwisho, kilele cha kilima, nyasi tupu, hakuna mchai hata mmoja wa kunificha na macho ya watu. Nikajua kwamba ndovu hawatakuja kila siku kuniokoa.

"Naomba," nikasema, na nilisikia mashavu yakiwaka, "naomba tubadilishane nafasi. Mimi nikae nyuma yenu. Nyinyi mtazame kilima, msinitazame mimi. Nitawaambia yote."

"Mwongozaji gani anakaa nyuma?" aliuliza Kipkurui.

"Anayejua njia," alijibu Mama Syprose, akanipisha. "Pita, nyathina, mwanangu. Keti. Opondo, geuza shingo yako mbele."

Nikakaa nyuma kabisa, nikaona migongo mitano na barabara. Nikawaambia Bwana Koti alivyohama na godoro kichwani. Kwenye kituo cha pili nikawaonyesha pango, na alama za pembe za ndovu kwenye ukuta wake, na majina ya vijana waliojificha humo wakikataa kuhamishwa, kama babu alivyoyasikia. Molly aliuliza, nikamjibu. Opondo aliuliza zaidi ya wote. Kileleni walishuka, nikawapanga wakitazama magharibi, mgongo kwangu, na nikawaonyesha mstari mwembamba unaometa mbali sana, ziwa lao wenyewe, na Mama Syprose akapiga makofi kama msichana.

Madam alikuwa amesimama mwisho wa mstari, mikono kifuani, anatazama ziwa kama wengine.

"Jumatatu," alisema, "kuna watu saba wanatoka Eldoret. Saa kumi na mbili asubuhi uwe umefika. Na mikono yako nitaifunga na kamba."

Hakugeuka kunitazama, kwa hiyo niliweza kumjibu.