Mkono Rula

"Shuka, baba watoto! Shuka kabla hujavunja shingo!"

Mkewe alikuwa ameikumbatia ngazi kwa mikono miwili. Juu yake, fundi mabango alitazama maandishi ya duka la viatu. Herufi zilikuwa zinateremka kama mbuzi mlimani. Na huyu ndiye waliyemwita Mkono Rula, kwa kuwa miaka ishirini alichora bila kupiga mstari, akiwacheka wenzake kwa uzi wao wa chaki wa kupigia mistari.

Aliposhuka, alifungua kinywa. "Haya, ninuse tena."

Mkewe akanusa. Pombe hakuna. Mwezi mzima alikuwa akimgombeza kwa ulevi, kumbe! Hofu ikamwingia.

Hospitalini daktari alimtembeza juu ya mstari wa vigae, kisigino mbele ya kidole. Kigae cha nne hakukifikia.

"Jicho limewahi kukusumbua, baba?"

"Mwaka juzi lilififia wiki tatu. Nikasema ni mvuke wa rangi. Likapona lenyewe."

"Na miguu?"

"Ganzi, mwaka jana. Nikailaumu ngazi."

Wakampiga picha ya kichwa, wakamtoa maji ya uti wa mgongo. Wiki ya tatu daktari akawaonyesha madoa meupe kwenye ubongo.

"Hakuna kipimo kimoja kinachotosha. Tumeunganisha jicho, miguu, madoa haya na yale maji. Kinga ya mwili wako imekosea adui, inakula ganda la mishipa ya fahamu. Ugonjwa huu unaitwa sklerosisi."

"Unapona?"

"Kuuponya hatuwezi. Kuupunguza kasi, ndiyo, ukianza dawa sasa."

"Na mkono wangu?"

Daktari aliinamia karatasi zake. "Sijui, baba."

Kwenye korido mke alilia bila kujificha. "Nilikuita mlevi mbele ya dada zako!"

"Heri ningekuwa mlevi," akasema. "Mlevi hulala, akaamka mzima." Naye machozi yakamtoka.

Jumatatu walirudi kulipaka upya bango, safari hii likiwa limeshushwa na kuegemezwa ukutani. Mke akatoa mkobani uzi uliopakwa chaki. Fundi aliutazama.

"Shika huko," akasema hatimaye.

Upande wa mke uzi ulitulia. Upande wake ulitetemeka, chaki ikadondoka kwenye viatu vyake. Akauzungusha mara mbili kwenye kiganja.

"Niupige?" mke akauliza.

"Subiri kwanza. Utatulia."

Wakasubiri.