Kilichojibu Kichakani

Ciakuthii aliapa kwamba aliona kwa macho yake mawili. Jirani yake Igoki alikuwa amesimama juu ya dungu katika shamba lake la mawele, jua halijatoka vizuri, akapiga mluzi mara tatu. Na kichakani mtu akajibu, mara tatu.

"Msiniambie ni ndege," aliwaambia wanawake waliokuwa wakichota maji. "Ndege gani anajua kuhesabu? Mume wake Bundi yuko kizuizini, si bure. Mimi simtaji mtu, lakini kuna mtu wa msituni anayekula ugali wa pale."

Maneno hayo yalimfikia hedimani Kithaka, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, kabla mitungi haijafika nyumbani. Tangu jioni hiyo Igoki akakatazwa kuvuka handaki lililozunguka kijiji mpaka jua liwe utosini. Lakini kwelea, wale ndege wadogo walao nafaka, hula alfajiri. Siku ya sita alipofika shambani alikuta masuke ya upande wa mto yamebaki mabua tu, yanapepea bila uzito. Upande wa juu bado ulikuwa na nafaka. Kama angepewa alfajiri tisa za kulinda mpaka mavuno, mama mkwe na mtoto wangekula hadi mvua nyingine. Asipopewa, wangekula nini?

Jumamosi ikawa Siku ya Viumbe vya Kwetu, mashindano ya shule. Mwalimu Marete alikuwa amezunguka na barua wiki tatu kuiombea kibali, maana wakati ule wa Hali ya Hatari, wakoloni wakiwasaka wapiganaji wa msituni, watu watano wakisimama pamoja ni mkutano haramu. Watoto walileta kobe, mayai ya kanga, miiba ya nungunungu, na kinyonga ndani ya kikapu, ambacho wazee walikizunguka kwa mbali sana. Kithaka alikuwa ndiye mwamuzi, ameketi kwenye kiti cha shule, filimbi yake kifuani.

Igoki alijitokeza mikono mitupu.

"Mwalimu, mimi nimeleta ndege."

"Yuko wapi?"

"Hajafika."

"Kama bwana yako!" mtu akapaza sauti, na watu wakacheka.

"Bwana yangu amechelewa zaidi," Igoki alisema, akageukia kichaka. Kilianzia kando ya uwanja na kuteremka mpaka shambani kwake. Akapiga mluzi mara tatu.

Kimya.

"Wenzako wa msituni wamelala leo," Kithaka alisema.

Igoki hakuharakisha. Aliyelinda mawele miaka minne anajua kungoja. Akalowanisha midomo, akarudia. Safari hii mluzi ukatoka kichakani, uleule, mara tatu. Askari wawili waliolinda uwanja wakakoki bunduki.

"Msipige! Tazameni tawi la chini."

Ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa aliruka akatua kwenye mlingoti wa bendera.

"Huyu huiga," Igoki alisema. "Nikifukuza kwelea kwa mluzi, yeye anasikiliza. Analosikia kila siku ndilo analolishika."

Ndege akainua mkia, akatoa sauti nyingine, ndefu, yenye kukwaruza: prriii, prriii! Kabla mtu hajafikiri, nusu ya wanawake walikuwa wameshapanga mstari, mikono ikipapasa majembe ambayo hawakuja nayo. Ciakuthii alikuwa wa kwanza mstarini. Ndiyo sauti iliyowaita kuchimba handaki kila asubuhi, mwaka mzima. Kithaka mwenyewe aliinamisha kichwa kutazama filimbi yake. Ilikuwa imetulia pale pale.

Uwanja ukalipuka kwa kicheko.

"Hedimani, umepata msaidizi!"

"Naye halipwi mshahara!"

Igoki hakucheka. Alikuwa akitazama taya la Kithaka likikakamaa, akaona kwamba kila kicheko kilikuwa kikila alfajiri moja katika zile zake tisa. Akangoja mpaka sauti zikapungua. Kisha akasogea karibu na kile kiti, akasema kwa sauti ya kawaida:

"Mzee Kithaka, ndege wamekula nusu. Naomba nifunguliwe lango alfajiri, siku tisa tu. Ukitaka, askari akae nami juu ya dungu."

Ciakuthii alitoka mstarini, akijifuta machozi ya kicheko kwa pembe ya leso.

"Au nikae naye mimi," alisema. "Ni mimi niliyesema si ndege. Mzee, nilikosea."

Kithaka aliwatazama wote wawili. Mwalimu Marete alikuwa ameshika daftari la washindi, kalamu hewani.

Juu yao, jua likishuka, kundi la kwelea likapita likienda kulala kwenye matete ya mto, maelfu kwa maelfu, likageuka kwa pamoja kama nguo inayokung'utwa. Kivuli chake kikapita usoni mwa Kithaka. Aliinua macho akalifuata mpaka likatua, kando kabisa ya shamba la Igoki. Igoki hakulitazama. Alimtazama yeye.