Nguo ya Mkwe

Nimechoka, wallahi. Wanaume wengi wa Lusewa walipokwisha, wengine kwa risasi za Wajerumani, wengine kwa kitanzi kule bomani Songea, tulidhani sasa tutapumua. Tupumue wapi! Maghala yalikuwa yamechomwa, tukawa tunachimba mizizi porini kama nguruwe. Njaa ikatulegeza, na ndui nayo ikatukuta tumelegea.

Mimi Mwamvua niliugua ndui utotoni, ikaniacha na uso huu wa mashimo. Wasichana wenzangu walinicheka mpaka nikaolewa. Sasa kila nyumba ikipata mgonjwa, "Mwiteni Mwamvua!" Maana ndui haimrudii aliyepona. Nikahamia kibanda cha wagonjwa, nje ya kijiji, nikawa nauguza na kuzika. Njiani nilimwaga majivu: asiye na makovu asivuke hapo. Chakula waliniachia upande wao.

Siku moja wakamleta Nassoro, mume wa binti yangu Subira. Ya Rabi, nilitamani ardhi inimeze! Kwetu mama akimwona mkwewe anakuja, anaingia vichakani ampishe. Hata kula mbele yake ni aibu. Leo nimvue nguo, nimwoshe vidonda? Yeye mwenyewe alifumba macho.

"Mama, niache nife," akasema.

"Nyamaza, baba. Aibu haijamwua mtu."

Nikamwuguza huku nimegeuza uso. Alikufa hata hivyo, maskini, kijana mpole yule. Nikamwosha peke yangu, nikamzika, kisha nikaenda kwenye majivu kutoa habari.

Subira alikuwa pale na tumbo lake la miezi minane. Alikuja na Tabu, dada mkubwa wa Nassoro, mwanamke mwenye mdomo kama upanga.

"Nguo aliyofia iko wapi?" Tabu akauliza. "Mjane lazima ajifunike nguo ya mumewe. Asipojifunika, marehemu atamfuata mtoto tumboni."

"Nguo hiyo imelowa usaha, Tabu. Nakwenda kuichoma."

"Uchome mila? Umekuwa nani wewe?"

"Mama, nipe," Subira akasema. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia. "Sikumwuguza, sikumwosha, sikumzika. Hata nguo yake nisiipate?"

"Utakufa, mwanangu. Na mtoto atakufa."

"Basi naifuata mwenyewe." Akainua mguu avuke.

Nilikimbia, na mimi si mtu wa kukimbia. Nikaingia kibandani, nikaichukua ile kaniki, nikajifunga kifuani kama mjane. Nikatoka nayo. Wote wawili walijua sehemu ya mila iliyobaki: nguo ya marehemu ina mjane mmoja. Ikishavaliwa, akiivaa mwingine anaita msiba wa pili.

Nikasema, "Imeshavaliwa. Nitakaa eda mimi."

Tabu akajishika kichwa. "Astaghfirullah! Mama mkwe kajifanya mke wa mkwewe! Mchawi huyu, jamani, mchawi!"

Maneno ya Tabu hayakuniuma. Subira ndiye aliyeniua. Aliniangalia juu hadi chini, nguo ya mumewe imeniganda mwilini.

"Umenichukulia mume wangu, mama."

Nilitaka kumwambia mengi. Nilitaka kumkumbatia, lakini ningemkumbatiaje na nguo ile? Nikarudi nyuma.

"Nenda nyumbani, Subira. Nichukie huko huko nyumbani."

Akaenda. Nilimtazama mpaka akapotea, nikakaa chini nikalia kwa furaha na kwa uchungu, sijui kipi kilizidi.

Alijifungua salama. Baadaye akaolewa Namtumbo, na ndui haikumgusa, yeye wala mwanawe. Nilipopata nguvu nikamtuma mtu aulize kama naweza kwenda kumwona mjukuu wangu, maana sasa anakimbia na kuongea. Mjumbe alirudi anatazama chini.

"Subira hakunijibu," akasema. "Nikamwuliza mtoto, bibi yako yuko wapi? Akaniambia bibi yake alikufa kwa ndui."