Maji ya Shimo la Thuo

Alhamisi, tarehe 13 Februari 2025, saa tatu na dakika kumi asubuhi, jua likiwaka na mbingu haina hata wingu la kudanganya, Ngui alishuka garini Mutuini. Alitoka ofisi ya vibali ya Hurlingham kwa jambo moja tu: kuona kama shimo la majaribio la Thuo bado lina maji.

Thuo alitaka kuchimba kokoto katika ekari zake mbili. Sheria haikumkataza, mradi aonyeshe shimo litafanywa nini mawe yakiisha. Aliandika kwamba litakuwa bwawa la kuwahifadhia majirani maji. Basi Jumatatu kilichimbwa kishimo cha mita mbili kwa moja, kina mita moja, kikajazwa hadi kwenye alama nyeupe aliyoichora Ngui mwenyewe. Maji yakikaa siku tatu, kibali kinatoka. Na kibali hicho Thuo alikihitaji kama pumzi: migomba na nyasi za nepia amekwisha kung'oa, udongo wa juu ameuondoa, na ardhi aliyoachiwa na baba yake imebaki jiwe tupu lisilofaa hata mbuzi.

Majirani walikuwa wamezunguka shimo. Maji yaligusa alama barabara.

"Umeona, Ngui?" alisema Thuo. "Jiwe la Mutuini ni sufuria. Halitoi tone."

"Hakuna aliyeyaongeza?"

"Nani ayaongeze na jua hili? Sisi wenyewe ya kunywa tunayanunua."

"Apa."

Thuo alicheka. "Tumefika huko? Haya. Kwa kaburi la baba yangu, hakuna mtu ameyagusa."

Ngui aliomba kikombe. Wanjira, mke wa Thuo, alikileta kwa mkono uliofungwa kitambaa. Ngui akateka maji ya shimo, akamkabidhi Thuo.

"Kunywa."

"Haya?"

"Si ndiyo utakayowanywesha majirani?"

Kicheko kikapita. Thuo akanywa nusu.

"Yana ladha gani?"

"Ya maji, bwana. Na matope kidogo. Ulitaka yawe na tangawizi?"

"Nilitaka yawe na chumvi," alisema Ngui. "Jumatatu ulipoingia ndani kutuagizia chai, nilikoroga humu kilo tano. Hata yangepungua, chumvi ungeionja. Haya si maji niliyoyaacha."

Mzee Kiarie, jirani wa mpakani, alichovya kidole akalamba. "Hata ya kuungia mboga haimo," alisema. Watu wakacheka tena, ila safari hii hawakucheka pamoja na Thuo.

Ngui angeweza kukomea hapo. Hakukoma.

"Nani aliyeyabeba?"

"Ni mimi, shemeji," alisema Wanjira. "Kutoka kisima cha kanisa, tangu Jumanne jioni. Nilipofika mtungi wa mia niliacha kuhesabu, maana yalikuwa yanashuka nikiyamwaga."

Thuo alimsogelea Ngui, akashusha sauti. "Kidato cha pili, muhula wa pili, ulipovunjika mkono. Nani alikupandishia maji kutoka mtoni?"

"Wewe."

"Ndoo ngapi?"

"Moja ya lita ishirini kila alfajiri. Siku tisini."

Ngui hakuwa amesahau. Katika bweni lao, mvulana aliyekutwa na ndoo tupu wakati wa ukaguzi alichapwa mbele ya wenzake, na yeye muhula ule hakuchapwa hata siku moja.

"Basi leo nakudai," alisema Thuo.

"Deni nalikiri," Ngui alijibu kwa sauti ya kusikika na wote. "Lakini sikiliza. Mawe mengi ya huku huvuja. Ungeniambia, 'Ngui, maji yamepotea,' ningeongeza sharti moja, shimo litandikwe karatasi nzito ya plastiki, na kibali ungekuwa nacho saa hii. Hiki hapa. Kilikuwa kinangoja sahihi tu."

Alikitoa kwenye faili aliyoishika msaidizi wake, Kasyoka, akakiinua majirani wakione, kisha akakichana mara mbili. Thuo hakunyoosha mkono, kwa hiyo vipande alipewa Wanjira.

"Aliyedanganya katika ukaguzi haombi tena," alisema Ngui. "Shimo lifukieni kabla ya mvua."

"Tulifukie na nini?" aliuliza Wanjira. Ngui alikuwa keshaelekea garini.

Walipoifikia barabara ya lami, Kasyoka alimgeukia.

"Mkubwa, Jumanne adhuhuri nilipopita kwake nilikupigia simu nikakwambia shimo limekauka. Tungemweleza habari ya plastiki siku ileile."

"Mwanamume hafundishwi kusema kweli."

"Na yule mama alibeba siku mbili, tukijua."

"Aliapa kwa kaburi la baba yake, Kasyoka. Mimi sikumtuma."

Ijumaa saa nne, Ngui alituma Mutuini lori la maji, lita elfu moja na mia nane, si zaidi wala si pungufu. Baadaye kidogo dereva, Mwololo, alipiga simu.

"Mkubwa, hapa kuna shida. Mama amepanga mapipa, lakini mwenyewe, mzee Thuo, anasema niyamwage shimoni."

"Maji ni ya nani?"

"Nimeambiwa ni ya mzee."

"Basi mtii."

Ngui hakukata simu. Alisikia mpira ukifunguliwa na maji yakipiga jiwe, na sauti ya Wanjira ikisema jambo kwa Kikuyu, mara mbili.

"Yanaingia tu ardhini, mkubwa," alisema Mwololo.

"Atie sahihi kwamba ameyapokea."

"Ametia."

Ndoo tisini zilikuwa zimelipwa.